Vitambaa vya Kisutu Chako

Mke wangu,

Kabla hujauliza habari za mtu mwingine, uliza zangu. Siku hizi ndovu wa vilima vya Shimba wananiamkia. Nikipita kule kwenye nyasi ndefu, lile dume lenye pembe iliyovunjika husimama kando ya njia, likakunja mkonga, likasema, "Shikamoo, Bwana Rashidi." Nami huitikia marahaba bila kusimama, kwa sababu nina shughuli nyingi na watu wananingoja. Kutoka Waa mpaka Vanga hakuna kijana mwingine aliyepata kuamkiwa na ndovu, na anayesema yuko, basi amlete na ndovu wake tuwasikie.

Ungekuwapo ungesema, "Mume wangu, funga kinywa, inzi wataingia."

Basi sema. Kalamu iko juu, nangoja useme.

Haya. Barua ya watu wenye adabu huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa, halafu mwandishi akasema yeye mzima ila ana wasiwasi juu ya mwenzake. Mimi nikuulize hali gani, Bibi? Na Mwalimu wa chuo ameshaniambia kwamba maiti huombewa dua, haandikiwi barua. Nikamjibu kwamba dua nimekuombea, tena kwa sauti, lakini dua ni maneno ya kumwambia Mungu, na mimi nina maneno ya kukwambia wewe. Akaniita mpumbavu. Nimeandika hivyo hivyo. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikawaachia wengine nao wapate nafasi, kwa hiyo usinikague herufi. Hata wewe hukuwa ukijua alifu wala be.

Mtu asiyetujua akiiokota karatasi hii atashangaa kijana kumwita ajuza mke wake. Na ashangae. Kwetu sisi mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi yake, ni utani tuliozaliwa nao, na wewe uliushika kwa nguvu kuliko bibi yeyote wa Kwale. Nilipokuwa mdogo uliniita mume asiyejua kufua nazi. Nilipobalehe ukaniita mume asiyeleta samaki. Ukitajiwa kwamba Rashidi ameonekana akizungumza na msichana kisimani, ulinuna kwelikweli, ukageukia ukutani, ukasema umeolewa na mhuni. Na chakula changu ulikuwa umekifunika tayari chini ya kawa. Mama alipotangulia, wewe ndiye uliyetulea, mimi na dada yangu Mejumaa. Utani huo ndio uliotukuza. Sijui wenzetu hukuzwa na nini.

Habari za nyumbani ni hizi. Paa limeanza kuvuja upande wa kitanda chako, kana kwamba siku zote lilikuwa likikuheshimu. Kuku wako mwekundu amehamia kwa jirani, hana haya yule, sikupata kumpenda. Mkeka uliouacha nusu bado umeangikwa, na hakuna aliyethubutu kuumalizia, kwa kuwa hakuna ajuaye ulikuwa umekusudia urembo gani. Mjomba Salimu, mwanao, huja kila Ijumaa baada ya sala, akakaa barazani, akautazama mlango wa chumba chako, akaenda zake. Hatusemi kitu. Mimi! Nimekaa na mtu sijasema kitu. Ndiyo ujue tumefikia wapi.

Na Mejumaa amejifungua. Mtoto wa kike, wa pili.

Hapo umeshajua kwa nini nimeshika kalamu. Mtoto wa kwanza alichukua jina la kwao baba yake, na huyu wa pili jina lake ni la kwetu, na marehemu ndiye anayetangulia. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba jina la mtu aliyekufa likikosa mtoto wa kulichukua, hukaa nje kama mgeni aliyepiga hodi asikaribishwe. Ulikuwa ukisema, "Nikifa msinililie sana. Nirudisheni tu." Mwanakombo. Bibi yako wewe alikuwa Mwanakombo, na bibi wa bibi yako pia. Jina limeshuka hivyo, kama maji.

Mejumaa, hata hajakandwa vizuri, alisema, "Huyu ni Mwanakombo." Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Nikamchukua mtoto nikamwambia, "Karibu tena, mke wangu. Safari hii hata lile jino moja umelisahau."

Bi Sauda alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Unamjua, mama yake shemeji Athumani, yule mnene mwenye sauti. Akaliweka bakuli chini, polepole, akasema, "Jina la mwanamke wa porini halilali nyumbani mwangu."

Mwanamke wa porini. Bibi, wewe unayajua haya yote, lakini niache niyaseme kama yalivyokuwa, kwa sababu tangu siku ile kila mtu anayasema kama yasivyokuwa, na mimi naanza kuchanganyikiwa.

Babu alipokufa ulikaa eda. Muda ule wote katika chumba kimoja, ukitazama ukuta. Siku ya kutoka, watu wakakungojea na udi na nguo mpya, ukaoga, ukavaa, ukala, ukamshukuru kila mtu. Kesho yake asubuhi ukanivuta sikio. "Mume wangu, nipeleke nikatazame mbali." Nikakuuliza mbali wapi. "Popote. Macho yangu yameshiba ukuta."

Tukaenda. Nawe, mjanja, ulichukua kikapu. Kwetu hakuna mtu aendaye mwituni bure. Mtu huenda kuni, huenda kukata milala ya mikeka, huenda kutafuta dawa au uyoga mvua zikinyesha. Lakini mwanamke mzima, tena mjane, kwenda kutazama nyasi tu, halafu akarudi mikono mitupu! Hilo halina jina zuri katika kinywa cha mtu yeyote. Kwa hiyo tulipokutana na watu njiani wakakuamkia na kukuuliza uendako, ulijibu, "Twaenda milala, wanangu." Na kikapu kilikwenda kitupu na kurudi kitupu, labda na kuti moja la mkoma juu yake, la kuwaziba watu macho.

Nilikuwa nimekwambia kwamba njia zote za Shimba nazijua kama mistari ya kiganja changu. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekizunguka kichuguu kimoja sijui mara ngapi, nami kila tukikifikia nakuonyesha kama kipya: "Tazama, Bibi, kichuguu kingine." Uliniacha weee, mpaka miguu ikakuuma, ukasema, "Mume wangu, hiki kichuguu kinatufuata." Tulicheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi, leso imekuanguka, mvi zako zote nje. Sikuwa nimekuona ukicheka hivyo tangu Babu afe. Nilitaka kupotea tena.

Nyasi za kule si za kuchezea. Mvua ikipita mara moja zinampita mtu kichwa, na njia uliyopita jana leo haipo. Ndipo safari ya pili ukaja na kisutu chako, kile cha harusi, chekundu na cheusi na cheupe, kilichochakaa hata hakifai kumpangusia mtoto pua. Ukasema rangi zake zitaonekana kwa mbali kwenye majani mabichi. Kisu tulikisahau. Wewe ukashika pindo, mimi nikachana kwa meno, na kila palipokuwa na njia panda tukafunga kitambaa kwenye tawi la upande tuliopita. Nilikuuliza kama huoni uchungu kuichana nguo ya harusi yako. Ukasema, "Aliyenitolea hayupo. Afadhali kinionyeshe njia ya kurudi nyumbani."

Hivyo ndivyo tulivyoijua Shimba, kitambaa kwa kitambaa. Kutoka mikorosho ya nyuma ya nyumba, kushuka kijito cha mawe yenye utelezi, kupanda mwitu wenye giza ambako mbega hukaa juu na mikia imening'inia myeupe kama vilemba vilivyoanikwa. Unakumbuka hondohondo? Mara ya kwanza kumsikia ulisimama, mkono kifuani. "Nani kaacha mwana huku?" Ndege mzima analia kama mtoto mchanga! Nikakwambia ni mtoto wako na Babu mliyemsahau. Ukanirushia kiatu, tukakitafuta kile kiatu mpaka jua likapinda.

Kisha mwitu unakatika ghafla, kama mtu aliyefungua mlango, na mbele ni uwanda mtupu wa nyasi, na chini kabisa huko, bahari, kuanzia Tiwi mpaka Diani, haina sauti. Wewe uliyezaliwa Msambweni, miguu majini, ulisema hujapata kuiona ndogo namna ile. Ukanyoosha mkono ukaifunika. "Kumbe inaingia kiganjani." Ukaufungua mkono, ukaufunga, ukaufungua, kama mtoto.

Na palahala wakatoka. Swala wakubwa, weusi, pembe zimepinda nyuma kama majambia. Wakasimama, wala hawakukimbia. Ukauliza mbona wamesimama tu, nikasema wananiogopa mimi. Ukasema, "La. Nao wamekuja kutazama mbali."

Siku ndovu alipotutokea kwenye kijito nilikukinga. Ndiyo, nilikukinga, kwa kusimama nyuma yako nikakushikilia leso. Ulimwambia, "Pita, baba, sisi ni wapitaji." Akapita. Njia nzima ya kurudi hukusema neno juu ya mimi kusimama nyuma, na kwa watu ulisema nilisimama mbele. Mimi nikaongeza kwamba nilimshika mkonga. Wewe ukakohoa kidogo, basi.

Safari ile ya mwisho, mvua za vuli zikikaribia, kisutu kilikuwa kimekwisha kazi. Njia tulikuwa nazo zote. Vipande vilivyobaki hukutaka kuvirudisha nyumbani. Pale ukingoni mwa uwanda palikuwa na mti mfupi, umesimama peke yake, ukasema maskini huyu hana nguo. Tukaufunga vipande vyote, tawi kwa tawi, mpaka ukajaa, nawe ukaupigia vigelegele. Ukauita bibi harusi. Nikakuuliza bwana harusi ni nani, ukasema, "Upepo. Lakini si mwaminifu, kama wewe."

Watu walikuwa wameshaanza kusema, hilo tulijua. Kikapu kitupu kilikuwa kimeonekana. Kisimani wakaulizana ni milala gani hiyo isiyoonekana, na mtoto wa mtu akishikwa na homa, macho huja upande wetu. Nilikuletea maneno hayo nimekasirika, nataka kupigana. Ulikuwa ukitafuna tambuu. "Waache, mume wangu. Mchawi gani huyo anayepotezwa na kichuguu?"

Ukafa. Kwa kikohozi, kitandani, bila fahari yoyote. Nilikuwa nimekushika mguu, na mguu ulipoa kabla wewe hujamaliza.

Basi Bi Sauda akasema alivyosema, na nyumba ikagawanyika. Mejumaa akalia, maziwa yakapungua. Shemeji Athumani ni mtu mwema, lakini mbele ya mama yake huwa kama mlenda. Siku ya akika ilikuwa inakaribia, siku ya kumnyoa mtoto na kumtaja jina mbele ya watu, na likishatajwa limetajwa. Mejumaa akaniita chumbani akaniambia, "Kaka, wewe ndiye uliyekuwa ukifuatana naye. Sema kitu."

Nikatoka nikasimama ukumbini, nikawaambia wote, "Twendeni. Nitawapitisha njia zake zote, mkaone kwa macho yenu alikuwa akifanya nini." Nilijiona mwanamume, Bibi. Nilisema kwa sauti yako, ile ya kukemea mbuzi. Mjomba Salimu akakubali mara moja, mama ni mama yake, naye alitaka kulala usingizi. Athumani akakubali. Na Bi Sauda akajifunga leso kiunoni akasema naye atakwenda, asije akaletewa hadithi.

Tulikwenda wanne, mimi mbele.

Ungemwona Bi Sauda akivuka kijito! Athumani anamvuta mkono, Mjomba anamsukuma huku amefumba macho kwa heshima, naye analaani mawe yote, jiwe kwa jiwe. Lakini mwituni alitulia. Mbega wakaruka juu yetu, Athumani akacheka kama mtoto. Tulipopumzika, Bi Sauda akajipepea na ncha ya leso akasema, "Kumbe huku kuna upepo mzuri hivi." Hayo ni maneno yake, nayaandika kama alivyoyasema. Nikasema moyoni, mke wangu, umeshinda, akifika kwenye uwanda akaiona bahari atalilia jina lako mwenyewe.

Na mbele yetu, penye njia panda, nikakiona kitambaa cha kwanza. Bado kipo! Wekundu wake ulikuwa umepauka kidogo, lakini kipo. Nilikikimbilia kama ndugu yangu. "Hiki hapa! Ndiyo njia yake, hii hapa!"

Nilipogeuka walikuwa wamesimama.

Bibi, mimi si mtu wa mbali. Nimezaliwa hapa. Najua pango la mizimu lilivyo, najua vitambaa vinavyofungwa pale, najua rangi zake: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Hakuna mtoto wa pwani hii asiyejua kwamba hizo ni nguo za pepo. Na kisutu ni rangi hizo hizo. Nimekiona kisutu juu ya kila bibi harusi tangu nizaliwe, na vitambaa vya mizimu nimeviona, na hata siku moja sikupata kuviweka pamoja kichwani. Kwangu mimi vilikuwa ni njia. Nilivipitia kama mtu anavyopitia kizingiti cha kwao.

Bi Sauda akasema, "Subhanallah." Kwa sauti ndogo. Sikujua anayo sauti ndogo.

Afadhali ningerudi pale. Ningesema nimesahau njia zilizobaki, nyasi zimefunga. Lakini nilifikiri wakiona yote wataelewa, kwa hiyo nikazidi kuwavuta mbele, nikazidi kusema, na kila njia panda kitambaa kingine, na kingine. Mjomba Salimu akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona. Tukatoka mwituni. Bahari ilikuwa pale, nzuri kama siku ile, na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Walikuwa wanautazama mti.

Upepo ulikuwa mkali. Vipande vyote vilikuwa vinapigapiga.

Nikawaambia kweli. Sikiliza, Bibi: mimi Rashidi nilisema kweli tupu, bila chumvi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukuta wa eda. Kikapu cha kuwaziba watu macho. Kichuguu. Kisu tulichokisahau, meno yangu. Bibi harusi na vigelegele. Nilipiga hata vigelegele wavisikie. Nilitoka jasho. Nilipomaliza, Athumani akanitazama kwa huruma, akasema, "Shemeji, juzi tu uliapa mbele yangu kwamba ulimzaba chui kofi akalia." Nikasema lile lilikuwa la utani. Akasema, "Na hili?"

Na Mjomba Salimu, mwanao wa kumzaa, akaniwekea mkono begani. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo. "Mpwa wangu, usimtetee kwa uongo. Unamzidishia adhabu huko aliko."

Kweli yangu, Bibi, ilikuwa na umbo la uongo kabisa. Mwanamke anatoka eda, anakwenda mwituni kutazama tu, anachana nguo ya harusi, anaivika mti. Niseme nini? Nami ningelisikia kutoka kwa mtu kama mimi ningelicheka nikaenda zangu.

Mjomba akasema vifunguliwe vyote, vichomwe pale pale, na nivifungue mimi kwa kuwa mikono yangu imeshavizoea. Nikavifungua. Vifundo vyako vilikuwa vigumu, vile vya kufungia mzigo wa kuni, nikatumia meno. Vilichomwa juu ya jiwe huku wanasoma. Vile vya njiani navyo nikavifungua wakati wa kurudi, kimoja baada ya kingine, mpaka mikoroshoni. Kisha mvua ikanyesha. Sasa hakuna njia. Ukiniambia leo nikupeleke kwenye uwanda wako, mimi ninayezijua njia zote za Shimba, sijui nitapitia wapi.

Akika ilifanywa. Mbuzi alikuwa mnono, pilau ilikuwa nyingi, nilikula kama mtu aliyefunguliwa kifungoni, ili kinywa changu kiwe na kazi. Mtoto alinyolewa, hakulia. Wakamtaja jina: Zuhura, la marehemu dada yake Bi Sauda. Watu wakaitikia. Mejumaa alikuwa nyuma ya pazia. Baadaye nilipompelekea chakula akaniuliza swali moja tu. "Kaka, kwa nini uliwapeleka?" Hakungoja nijibu, akageukia ukutani. Lakini si kama wewe ulivyokuwa ukigeuka.

Zuhura ni jina zuri. Sina ubaya nalo. Ana vidole virefu, anashika kidole cha mtu hakiachii. Ila nikimwita, namwita Zuhura, ulimi unakubali, na wewe uko nje mlangoni, na mvua ndiyo hii.

Karatasi inakaribia kwisha, na taa nayo mafuta yake ni ya kubembeleza. Pumzika, mke wangu. Mungu akupe nafasi huko, na dirisha, dirisha kubwa. Nakuahidi jambo moja, na hili si la chumvi: mtoto huyu akishaweza kutembea nitamshika mkono nimpandishe kule juu, nimwonyeshe bahari inavyoingia kiganjani, nimwambie ni nani aliyenionyesha, na jina lake. Asiponiamini, nitamwambia tena.

Lakini mwenyewe bado sijathubutu kurudi. Watu nawaambia ni nyasi. Si nyasi, Bibi. Siku ile, mbele ya ule mti, Mjomba anasoma, Bi Sauda amejifunika leso mpaka puani, vitambaa vinapigapiga, niliuinulia macho, na kitu cha baridi kikanipanda mgongoni mpaka kisogoni. Mimi niliyekuwapo. Mimi niliyevichana kwa meno haya. Nilisahau kichuguu, nilisahau vigelegele, nilisahau kila kitu, nikarudi nyuma hatua, na Bi Sauda akaniona.

Nilikuogopa.

Rashidi